Mibonyeo ya Ndani

Jumanne jioni, mke wa fundi bodi alikuwa ameinama kwenye karai akisugua sufuria kubwa kwa jivu na kipande cha gunia. Mkono wake ukapita mahali ambapo jana yake palikuwa pamenyooka. Akaiinua sufuria kwenye mwanga wa mlangoni. Ubavuni palikuwa na mbonyeo. Haukuwa mbonyeo wa sufuria iliyoanguka, maana sufuria ikianguka huingia ndani. Huu ulikuwa umetokeza nje, mviringo, kama vile kuna mtu aliyekuwa ndani ya sufuria akapiga kichwa akitaka kutoka.

"Baba Kimbaumbau," akaita, "hebu njoo uone."

Mumewe alikuja na taulo begani. Alikuwa na miaka ishirini katika kazi ya kunyoosha magari yaliyopata ajali, na vidole vyake vilikuwa vinaona kuliko macho. Akaupapasa ule mbonyeo mara moja tu.

"Ni wangu," akasema. "Ule wa gari jeupe. Wa kwenye paa."

"Si ulisema umeutoa?"

"Nimeutoa. Ndiyo maana uko hapa."

Mke hakuhitaji kuelezwa zaidi. Nyumba ile ilikuwa nyumba ya kunyoosha. Mume alinyoosha mabati, mke alinyoosha nguo. Alikuwa na pasi mbili za mkaa, na mashati ya nusu ya mtaa yalipita mezani kwake. Kila mkunjo alioutoa kwenye shati la mtu aliukuta baadaye kwenye paji la uso wake au pembeni mwa jicho, na hakuwahi kulalamika. Mkunjo si uchafu, useme utaoshwa uende na maji. Ukitoka hapa, lazima uende pale. Ila mkunjo hutua kama inzi. Mbonyeo una pigo lake, na popote unapokwenda huenda na pigo hilo.

Fundi alimweleza mambo mawili ambayo hajapata kumweleza katika ndoa yote. La kwanza, mibonyeo iko ya aina mbili. Ya nje inapigwa na mti, na nguzo, na ng'ombe. Hiyo haina shida, ukiigonga inakufa palepale gerejini. Ya ndani inapigwa na mtu: goti chini ya usukani, kichwa kwenye paa, bega kwenye mlango. La pili, ya ndani haifi.

"Kwa hiyo inakufuata," mke akasema.

"Inanifuata."

"Haya. Sufuria hii tutapikia maharagwe."

Binti yao wa pekee alikuwa na miaka tisa, mwembamba hata watu wakasahau jina lake na kumwita Kimbaumbau. Alikuwa amekaa kizingitini akisikiliza. Mama yake akamgeukia, kwa sababu mtoto aliyesikia jambo ni bora alichezee kuliko aliogope.

"Kitendawili."

"Tega."

"Kinapigwa kule, kinalia huku."

"Nyundo ya baba," akasema mtoto. "Mama, unatega vyepesi. Ungeshindwa wewe ningekudai mji."

Hiyo ndiyo sheria ya vitendawili, anayeshindwa kutegua hutoa mji. Kimbaumbau alikuwa amekwisha kuteka miji kumi na minne kwa namna hiyo, na alikuwa ameiorodhesha nyuma ya daftari la hesabu.

Miezi iliyofuata mibonyeo ilikuja kwa mpangilio wake. Ndoo. Mlango wa kabati. Ubao wa kitanda, ambao ulipata bonde katikati yake, ikawa mume analala ng'ambo na mke ng'ambo, na wakitaka kushikana mkono lazima mmoja ashuke. Fundi aliacha kwenda kucheza drafti na wenzake. Aliacha kunyoa, kwa sababu kunyoa kunataka kioo. Mezani alikula vijiko vitatu, akasukuma sahani, akasema ameshiba. Gerejini alikuwa na mazoea ya kumwambia kila mbonyeo wa ndani "pole" kabla ya kuugonga, na mafundi wenzake wawili wakawa wanamcheka na kumwita Mchungaji. Nyumbani hakusema hata hiyo pole. Ukimuuliza kuna nini, alijibu hakuna neno.

Siku moja ya Ijumaa, wakati wa kula, mke alikuwa anampa mumewe sahani. Yule bwana alikuwa amekaa mbali, kijiko mkononi, mkono mwingine juu ya meza. Goti la mtu asiyekuwepo likamgonga mke begani. Lilimgonga kwa mwendo wa gari lililokuwa linakimbia, likamtupa ukutani, sahani ikapasuka juu ya kichwa chake na mfupa wa bega ukaingia ndani kwa sauti ambayo mtoto aliisikia akiwa uani. Alipookotwa, bega lilikuwa na shimo la kutosha kikombe.

"Pikapu ya buluu," akasema Fundi. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, anaokota wali punje moja moja. "Niliimaliza saa tisa. Nisamehe, mama."

Jumatatu wakaenda zahanati wote wawili. Muuguzi alianza na mume.

"Habari yako, baba?"

"Nzuri."

"Unalala?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula."

"Hali wala halali," akasema mke.

"Namuuliza mgonjwa, mama." Muuguzi akasukuma karatasi yenye picha ya mtu, mbele na nyuma, ya kuwekea alama panapouma. Mashine ya kutolea nakala ilikuwa imeikata shingoni. "Weka alama hapo."

Fundi aliitazama picha muda mrefu. "Panapouma hapamo," akasema.

"Karatasi zinatoka hivyo. Kama ni mambo ya akili, daktari wake huja mara moja kwa mwaka, mwezi wa pili. Huu ni wa tatu."

"Kwetu hakuna kichaa," akasema Fundi kwa haraka.

"Nami nimeandika hivyo hivyo. Na wewe mama, hilo bega?"

"Gari."

"Lilikugongea wapi?"

"Mezani."

Muuguzi akaandika: ajali ya barabarani. Akawapa vidonge vya maumivu, pakiti mbili, wagawane.

Mtaa nao ulikuwa umesikia ile sahani. Jumamosi mchana wanaume wanne wakaja, wametanguliwa na muuza mkaa, mtu mpole ambaye alikuwa amebeba mpira wa maji ameukunja mara mbili. Mwingine alikuwa na mguu wa kiti.

"Shemeji," akasema muuza mkaa, "tumekuja kwa habari ya bega."

"Hakunigusa. Ni gari lililomfuata kutoka kazini."

"Tunajua. Hata shuka langu nililokupa unyooshe lilirudi bila mkunjo, nikauona kwenye shavu lako. Sisi si wageni wa mambo haya." Akajikuna shingo. "Lakini hilo gari limeingia kwa mlango wa nani?"

Mke alisimama katikati ya mlango.

"Basi tupishe tumnyooshe kidogo."

Walimtoa uani, wakampiga kwa zamu kama watu wanaotwanga. Mpira ulichana shati, kisha ukachana kilichokuwa chini ya shati. Mguu wa kiti ulivunja jino, ukarudi ukavunja mbavu mbili, na kila ulipotua Fundi alilia kama bati, sauti tupu inayokwenda mbali. Hakuinua mkono. Mara moja tu alimwambia mwenye mguu wa kiti, "Kamata chini zaidi, utajiumiza kiganja," na yule bwana akashukuru akashika chini zaidi. Mke aliwavuta mashati mpaka moja likamchanikia mkononi. Alilitambua, alikuwa amelipiga pasi Alhamisi.

Walipomaliza walinawa damu kwenye karai lake.

"Akirudia utuite, shemeji," akasema muuza mkaa. Gereji ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Wakapita mbele ya geti lake wakirudi makwao, wakamsalimia mwenye gereji.

Jumapili mtaa wa pili walizika watu kumi na mmoja. Jumatatu likaletwa basi.

Lilikuwa basi dogo la abiria, limevutwa na lori, paa limekaa kama blanketi lililotandikwa juu ya watu waliolala. Dereva alikuwa anakimbiza muda, kona ikamshinda. Yeye alitoka na mkwaruzo wa kiwiko. Mwenye basi alilitaka barabarani Jumatatu inayofuata, kwa kuwa abiria walikuwa wanasubiri kituoni. Fundi alipanda ndani, akapitisha vidole darini kuanzia mbele mpaka nyuma, akashuka, akatapika kwenye tairi. Alihesabu mibonyeo kumi na mmoja, yote ya ndani.

Mama Kimbaumbau alipata habari hiyo jioni, na usiku huo alifanya hesabu yake. Sufuria moja, ndoo moja, kabati, kitanda, bega. Ilikuwa inakuja karibu. Na ndani ya nyumba ile hakukuwa kumebaki kitu kisichobonyea isipokuwa mtoto.

Jumanne asubuhi alichukua mashati ya mwenye gereji, ambayo alikuwa akimpigia pasi kila wiki, akampelekea ofisini mwenyewe.

"Bosi, naomba lile basi apewe mtu mwingine."

"Mtu mwingine yupi? Wale wawili wanajua kugonga, hawajui kunyoosha."

"Basi likatwe paa, liwekwe jipya."

"Paa lipo, la nini jipya?"

"Lile paa lina watu kumi na mmoja."

"Walishatolewa, mama. Tumewazika juzi, hata mimi nilikwenda."

"Iliyotolewa ni miili."

Mwenye gereji aliinua shati moja, akaikagua kola. "Hii umeipatia," akasema. "Sikiliza, dada yangu. Mumeo ana mkono. Akipitisha nyundo, abiria anakaa palepale na hajui kama palikaa mtu. Ile ni karama, usimharibie."

"Yanakuja nyumbani, bosi. Nina mtoto."

"Nakuelewa. Hata mimi nina watoto. Lakini kazi yangu inaishia getini. Kikishavuka geti, hayo ni mambo ya ndani." Alilitundika shati kwenye msumari. "Kila mtu ana lake kichwani. Mwambie ajikaze. Si mwanamume yule?"

Hakuwa amefika nyumbani alipokutana na mwalimu wa hesabu amembeba Kimbaumbau mgongoni. Mwalimu alisema alikuwa amegeukia ubaoni, akasikia kitu kama mlango wa gari unaofungwa kwa hasira, na alipogeuka mtoto alikuwa chini pamoja na dawati, damu ya pua imefika mstari wa tatu wa madawati. Katikati ya paji la uso alikuwa na mbonyeo wa upana wa yai. Mwalimu alikuwa ameandika kikaratasi kama taratibu zinavyotaka: Mtoto amebonyea. Mzazi afike.

"Inauma?" mama akauliza.

"Kidogo. Nikifikiri ndiyo inauma."

Fundi alirudi jioni, akampapasa binti yake kwa kidole kimoja, akajua.

"Siti ya nyuma, dirishani," akasema. "Ulikuwa mdogo kuliko yote. Nikauanza huo jana jioni, nikidhani ni mwepesi."

Akasimama, akaenda ukutani, akaupiga ukuta kwa kichwa. Akapiga tena. Mara ya tatu plasta ilianguka, na mara ya nne damu ilichora mstari mpaka sakafuni, mke akamkumbatia kiunoni kwa bega lake zima wakaanguka wote.

"Acha kazi hiyo," mke akamwambia hapo chini.

"Nikiacha watapiga wale wawili. Mbonyeo wa ndani ukipigwa vibaya unapasuka, na ukipasuka hauendi nyumba moja. Unaenda mtaa mzima."

"Imebaki mingapi?"

"Kumi."

Kimbaumbau alikuwa anawatazama kutoka kitandani, kitambaa puani.

"Inakufuata wewe," akasema mke.

"Inanifuata nikirudi."

"Basi usirudi."

Alilisema kama mtu anayesema funga mlango, baridi inaingia. Jumatano alfajiri akakunja godoro, blanketi na shuka alilolinyoosha mara mbili, akampa mumewe akalale gerejini. Kisha akamvalisha mtoto ile sufuria ya maharagwe kichwani, akaifunga kwa kitambaa kidevuni, ampeleke shule. Mbonyeo wa sufuria ulielekea mbele, ukaacha nafasi ya kutosha paji la uso lisiguswe. Wanafunzi wenzake walimcheka mpaka saa nne, kisha wakazoea.

Mchana mama alipeleka chakula gerejini. Geti lilikuwa limefungwa. Aliketi juu ya jiwe, bakuli la chakula mapajani, akasikiliza.

Kwanza alisikia sauti ya mumewe ikisema pole. Kisha nyundo juu ya bati, mapigo madogo madogo, ya subira, kama mtu anayebisha nyumba ya mgonjwa. Bati likajibu, likanyooka. Kisha kimya. Mbonyeo ulikuwa umetoka, unatafuta nyumba, na nyumba haipo. Kisha likaja pigo la pili, zito, lisilo la chuma. Lilitua juu ya nyama na kitu ndani ya nyama kikakatika. Fundi akalia kwa sauti ya mwanamke. Dakika tano baadaye akasema tena pole, kwa mwingine.

Wale mafundi wawili waliongeza sauti ya redio.

Jumatano mama alihesabu mitatu. Alhamisi mitatu, na wa mwisho wake ulimtupa Fundi kwenye geti, mama akauona mgongo wake ukitokeza kwenye bati upande wa pili, umbo zima la mgongo na visigino. Aliweka kiganja hapo. Bati lilikuwa la moto. Alitaka kuita, akaifikiria sufuria iliyoko shuleni, akanyamaza. Meno yake yalikuwa yameuma ulimi na mdomo ulijaa damu, akaimeza, akaacha bakuli juu ya jiwe. Ijumaa mitatu mingine. Jumamosi, saa nane, wa kumi.

Hakuna kilichokuja nyumbani siku hizo nne. Maji ya karai yalitulia. Kimbaumbau alikula mpaka akaongeza.

Jumamosi saa tisa geti likafunguliwa. Mwenye gereji alipita ubavuni mwa basi akiteleza kiganja, kwenda na kurudi, kisha akapanda ndani akateleza kiganja darini.

"Kama yai," akasema. "Niliwaambia ana mkono."

Fundi alitoka nyuma ya basi akitembea taratibu. Shavu la kushoto lilikuwa limeingia mpaka kwenye meno. Paja moja lilikuwa na goti la mtu, mgongo ulikuwa na mabega mawili ya watu wawili waliokaa siti moja. Kifuani palikuwa na mbonyeo mkubwa, laini, umekaa vizuri kuliko mingine yote. Mvua ya rasharasha ilikuwa imenyesha, na maji yalikuwa yamesimama humo kifuani, yakicheza kila alipopiga hatua. Muuza mkaa alikuwa anapita. Akasimama, akamtazama juu mpaka chini.

"Sasa amenyooka, shemeji," akasema kwa heshima, akaendelea na mkokoteni wake.

Mke alimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima uzito, ukawa uleule wa mara ya kwanza, akampa pakiti mbili za vidonge na karatasi yenye picha. Safari hii mashine ilikuwa imekata na miguu.

Jumapili jioni walikaa wote watatu. Fundi alikuwa amelala chali kwenye mkeka, kwa sababu kiti hakimfai tena. Kimbaumbau alivua sufuria, akamwondolea baba yake maji ya kifuani kwa kitambaa, akakausha vizuri pembezoni, kisha akalaza kichwa chake humo. Kikaenea. Hakikubaki pengo la unywele.

"Huyu alikuwa na miaka tisa," akasema Fundi, akitazama dari.

"Au kumi," akasema Kimbaumbau. "Mimi ni mdogo wa umbo."

Mama alikuwa mezani na pasi. Alikuwa anamalizia shati la mwenye gereji, lililotakiwa kesho.

"Mama, kitendawili."

"Tega."

"Wameondoka kumi na mmoja, na nyumba yao haina tundu."

Pasi ikasimama kidogo. Barabarani honi ililia. Lilikuwa lile basi, wamelitoa siku moja kabla ya Jumatatu, dereva yuleyule anakimbiza muda. Lilipita mbele ya mlango kwa kasi liking'aa, limejaa watu mpaka vioo vina ukungu, na sufuria ikatikisika sakafuni. Upande wa gereji lori lilikuwa linarudi nyuma, linavuta kitu kilichofunikwa turubai.

Mama alilijua jibu. Kila mtu mtaani alilijua.

"Nimeshindwa," akasema. "Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Chukua huu huu."

Kimbaumbau alinyanyua kichwa kutoka kifuani mwa baba yake, akaenda mlangoni, akautazama. Aliitazama barabara, geti lenye umbo la mgongo, zahanati, mlango wa muuza mkaa. Akarudi na daftari la hesabu, akaangalia orodha yake, kalamu mkononi.

"Huu umebonyea," akasema. "Nipe mwingine."

Mama yake akamwambia mwingine hana, akaipuliza pasi, akarudi kwenye kola.